Bonyeo: alama inayobaki mvua ya mawe ikishayeyuka

Mtoto akirusha jiwe juu ya manjanja, yaani mabati ya paa, jiwe hilo litaokotwa. Litakutwa kwenye mfereji wa paa au chini ya ukuta, na aliyelirusha atajulikana kabla ya magharibi. Jiwe la mvua halina subira hiyo. Linapiga, linadunda, linalala uani dakika chache, halafu linakuwa maji kama maji mengine. Fundi wa Kalemie, hapa Kongo, akiitwa kesho yake asubuhi, anakuta mwenye nyumba anayelalamika na ua uliokauka. Kinachoweza kumweleza kilichotokea ni alama iliyobaki juu ya bati. Alama hiyo inastahili jina lake, na jina hilo ni bonyeo.

Tuanze na kinachoanguka. Kiswahili kinasema mvua ya mawe, kwa sababu ndivyo inavyosikika kwa mtu aliye ndani ya nyumba. Waarabu huiita barad, neno la shina moja na baridi yetu; wao wametazama ubaridi, sisi tumesikiliza kishindo. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina letu kutokana na pigo la saba la Misri. Kifaransa cha ofisini Kongo kina maneno mawili: grêle ni mvua yenyewe, grêlon ni kila kipande kimoja. Sisi kipande hicho tunaweza kukiita punje. Wataalamu wa hali ya hewa huhesabu kuwa ni mvua ya mawe pale punje inapofikia kipenyo cha milimita 5. Tusiichanganye na theluji, ambayo huanguka polepole na haitoboi kitu.

Punje huzaliwa katika wingu refu la radi. Upepo mkali unaopanda ndani ya wingu huyabeba matone hadi kwenye baridi kali, yanaganda, na maji mengine yanagandia juu yake, tabaka kwa tabaka. Punje ikizidi uzito ambao upepo unaweza kuubeba, inashuka. Hapo ndipo mwinuko wa mahali unapoamua. Katika nchi zetu za joto, hewa hufikia kiwango cha kuganda kwenye kimo cha kama mita 4,500 hadi 5,000. Kalemie, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, iko kama mita 770 tu, kwa hiyo punje hupita karibu kilomita 4 za hewa ya joto, na nyingi hufika chini zikiwa matone makubwa. Kericho nchini Kenya, kwenye milima ya chai, iko juu zaidi. Safari ni fupi, na ndiyo maana Kericho na Nandi zinatajwa duniani kote kwa wingi wa siku za mvua ya mawe. Kwetu haiji mara nyingi, lakini inayofika ni ile iliyoanza ikiwa kubwa.

Anayedhani ni mchezo akumbuke Mwakata, kijiji cha Kahama nchini Tanzania. Usiku mmoja mwanzoni mwa Machi 2015, mvua ya mawe na upepo ziliangusha nyumba za udongo na kuua watu zaidi ya 40. Baada ya balaa kama hilo hakuna haja ya kuuliza kama paa limeguswa. Shida iko kwenye mvua ya kawaida, ile inayoondoka na kuacha paa likionekana zima.

Neno letu, bonyeo, linatoka katika kitenzi kubonyea, yaani kuingia ndani kwa kushinikizwa bila kukatika. Sufuria ikianguka hubonyea. Embe bivu hubonyea chini ya kidole. Ukiweka -o mwishoni unapata bonyeo, wingi mabonyeo: shimo dogo la mviringo ambalo kitako chake bado ni kizima. Tundu ni kitu kingine, maana tundu linapitisha mwanga. Ufa ni kitu cha tatu, kwa kuwa ufa una urefu.

Kiswahili kina utajiri ambao ripoti zetu hazitumii. Tunaandika “paa limeharibika”, tafsiri ya endommagé ya Kifaransa, na fundi hajui abebe nini akisikia hivyo. Ilhali bati lililopigwa linaweza kubonyea, yaani kuingia ndani na kubaki zima. Linaweza kuchubuka, ngozi yake ya zinki au rangi ikiondoka kama ngozi ya goti. Linaweza kutoboka, au kupasuka, au kung'oka kwenye misumari. Kila kitenzi kina dawa yake. Bonyeo tupu halivujishi. Linachukiza macho tu. Bati lililochubuka halivuji leo, lakini kutu itaanzia hapo. Lililotoboka halingoji.

Basi bonyeo la mvua ya mawe linatambulikaje? Panda ngazi asubuhi mapema au jua likikaribia kuzama, mwanga ukija kwa upande, kwa sababu saa sita mchana bati linang'aa na kuficha kila kitu. Ukiwa na kipande cha chaki, kisugue kikiwa kimelala: kitapaka panapoinuka na kuacha pasipoguswa kila palipobonyea. Tazama mpangilio. Mabonyeo ya mvua hutawanyika ovyo, makubwa kwa madogo, na huwa mengi upande ule upepo ulikotokea. Yakifuatana kwa mstari, hizo ni nyayo za fundi aliyekanyaga katikati ya mbao. Likiwa moja peke yake chini ya mwembe, muulize mwembe. Kutu nyekundu iliyokolea nayo ilikuwapo kabla ya mawingu. Mvua ya jana haizai kutu ya miaka miwili.

Usiishie kwenye paa. Tazama mfereji, ndoo iliyolala nje, boneti ya gari, majani ya mgomba. Mvua iliyobonyeza bati haikuiacha migomba salama. Uliza pia kama maji yaliingia siku ile tu. Punje zikijaa kwenye mfereji huziba njia, maji yanarudi nyuma na kupenya kwenye mapishano ya mabati. Hapo nyumba imevuja na paa halijaumia.

Unene wa bati nao unasema. Geji 28 ina kama milimita 0.4 na geji 32 kama 0.25: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Punje ya kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 4.5 hushuka kwa mwendo wa kama kilomita 40 hadi 64 kwa saa, na geji 32 hubonyea pale ambapo geji 28 ingevumilia. Turubai, linalofunika familia nyingi zilizohamishwa na vita katika jimbo la Tanganyika, halina bonyeo: hutoboka au kuchanika, na litazamwe kutokea ndani, mahali mwanga unapopenya. Nalo paa la zamani la saruji ya asbesto hupasuka. Lisisuguliwe wala kuvunjwa, kwa kuwa vumbi lake huua mapafu taratibu.

Sasa tumfikirie shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, anayekusanya habari baada ya dhoruba. Akiandika “nyumba 12, paa zimeharibika”, ameandika huruma. Akiandika “nyumba hii, upande wa ziwani: mabati 6 yamebonyea, 2 yamechubuka, 1 limetoboka”, fundi anajua abebe bati 1 na kopo la rangi, na mwenye nyumba anajua ni pesa ngapi atafute kabla mvua nyingine haijafika.