Chavua Inayokataliwa: Istilahi na Kahawa ya Karagwe

Katika Karagwe, na katika Kyerwa iliyotengwa nayo kuwa wilaya mwaka 2012, kahawa ya robusta ilikuwa na heshima kabla ya kuwa na bei. Marafiki waliofunga omukago walipeana punje za kahawa, kila mmoja akimeza ile iliyopakwa damu ya mwenziwe. Ajabu ni kwamba mmea huo uliounganisha watu haukubali undugu wa karibu: chavua ya mbuni wa robusta ikiangukia ua la mbuni ule ule, au la mwingine uliooteshwa kwa kipandikizi chake, haitungi mbegu.

Hali hiyo tuiiteje? Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1876, aliita mimea ya namna hii tasa kwa nafsi yake. Mwaka 1917 Stout, wa Marekani, alileta jina jingine: mimea isiyopatana na nafsi yake. Kwa maoni yetu Stout alilenga vema zaidi, kwani tasa hana uwezo wa kuzaa, bali mbuni huu unao, ila huchagua.

Ushahidi wa kuchagua huko ulizidi baadaye. Mwaka 1993 Franklin-Tong na wenzake walichunguza popi, ua jekundu la mashamba ya Ulaya. Protini ya ua ilipokutana na chavua ya ua lilo hilo, kalsiamu iliongezeka ndani ya mrija wa chavua, na mrija ukaacha kukua. Kalsiamu, basi, ni mjumbe. Hukumu imekwisha kutolewa. (Jamii ya mbuni yaelekea kutumia njia nyingine, ya kimeng'enya kikatacho RNA, lakini tendo ni lile lile: kutambua, kisha kukataa.)

Wala haya si mabishano ya wanaisimu peke yao. Mnyauko fuzari ulipoingia Kagera katika miaka ya 1990, mibuni mingi ilikufa, na ile inayostahimili ugonjwa huzalishwa kwa vipandikizi. Mkulima akiambiwa kwamba robusta ni tasa, huenda akaing'oa. Akiambiwa kwamba hukataa chavua yake, atauliza apande aina gani kando yake, na hilo ndilo swali lifaalo, maana shamba la aina moja tu huzaa haba.

Twapendekeza, basi, ukataaji chavua nafsi. Ni refu, twakiri. Neno mwiko nalo lilitujia, kwa kuwa koo za huko hazioani ndani kwa ndani. Lakini mwiko hufundishwa, nao mbuni haukufundishwa na mtu.