Twiga wa Berlin na Jumba Lao la Minara

Twiga wa Berlin wanalala kwenye jumba lenye minara. Ukishuka stesheni ya Zoo, ukavuka uwanja wa Hardenbergplatz na kuingia kwa lango la simba, huchukui muda kuliona. Mtu aliyekulia Lamu au Unguja lazima asimame kidogo, maana minara ile myembamba macho yanaitambua kabla ya akili, na sikio linasubiri adhana. Badala yake anachungulia twiga, anatafuna.

Jumba hilo ni la 1872. Siku hizo wakuu wa bustani ya wanyama walipenda kila mnyama apangiwe nyumba ya "kwao": ndovu walipewa hekalu la Kihindi, na baadaye mbuni wakapewa la Kimisri. Twiga na paa wakaangukia minara. Kwamba mbugani hawaishi misikitini halikumsumbua mtu. Mjerumani aliyelipa kiingilio alikuwa ananunua safari ya mbali bila kupanda meli, na kwake Mashariki na Afrika vilikuwa kitu kimoja.

Bustani yenyewe ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1844, ya kwanza Ujerumani. Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne alitoa ardhi, akatoa na wanyama wa kisiwa cha Pfaueninsel. Martin Lichtenstein, mtaalamu wa wanyama aliyewahi kuzunguka kusini mwa Afrika, ndiye aliyeisukuma kazi.

Lakini waliotazamwa humo hawakuwa wanyama peke yao. Mwaka 1880 waliletwa Wainuiti 8 kutoka Labrador, watoto wakiwamo, wakaoneshwa hapo bustanini kwa umati. Mmoja wao, Abraham Ulrikab, alikuwa Mkristo, anajua kusoma na kupiga fidla, na kila alichokiona alikiandika kwa lugha yake. Kwa hiyo waliokuja kumtazama nao walitazamwa. Hakuna aliyekumbuka kuwachanja ndui kabla ya safari. Kufikia mwisho wa Januari 1881 wote 8 walikuwa wamekufa.

Mwaka 1891 akafika Berlin Amur bin Nasur, Mzanzibari, kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Naye aliandika habari za safari yake, kwa Kiswahili. Baada yake akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, ambaye baadhi ya wanafunzi walikataa kufundishwa naye kwa sababu ya rangi yake. Alifia mji huohuo 1927. Nikipita pale bustanini huwa nawafikiria hawa wawili. Mji uliokuwa umelipa kiingilio kuwatazama watu nyuma ya ua ndio uliowaita wasimame mbele ya darasa, na pengine wale wanafunzi hawakuona tofauti.

Ua ule ulijua pia kufungia watu nje. Bustani ilikuwa mali ya wenye hisa, na hisa ilikuwa heshima: mwenyewe aliingia na familia yake bure. Wengi wao walikuwa Wayahudi wa Berlin. Wanazi waliposhika nchi, Wayahudi waliokuwamo kwenye uongozi wakaondolewa. 1938 wenye hisa wakalazimika kuuza kwa bei ya kutupa. Na mwaka uliofuata Myahudi hakuruhusiwa hata kununua tikiti ya kutazama nyani.

Novemba 1943 mabomu yalishuka. Hekalu la ndovu liliporomoka juu ya ndovu wenyewe. Kati ya 8 akabaki mmoja, Siam. Vita vilipokwisha, katika maelfu ya wanyama walihesabiwa 91 walio hai, pamoja na kiboko kijana, Knautschke, aliyezaliwa mwaka uleule wa mabomu na akaishi hadi 1988. Mwanamke, Katharina Heinroth, ndiye aliyekabidhiwa kifusi akijenge upya.

Jumba la minara nalo liliumia, likatengenezwa, na twiga wakarudi. Mwaka 2011 ukutani pake kiliwekwa kibao cha kuwakumbuka wale Wayahudi wenye hisa. Watoto wanakipita mbio, shingo juu, wakimtafuta twiga. Baba mmoja mmoja hubaki nyuma akisoma, mpaka aitwe.