Ngozi ya muda kwa vidonda vilivyooza

Jeraha la jembe, mwiba au kuumwa na nyoka si jambo geni kwa wakulima wa Kikima, katika milima ya Mbooni, kaunti ya Makueni. Mara chache, jeraha kama hilo hupitisha bakteria wanaoozesha nyama chini ya ngozi kwa muda wa saa chache. Dalili ya kutiliwa maanani ni maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa jeraha. Hospitali kubwa za karibu ziko Wote na Machakos, na safari hiyo haifai kungoja mapambazuko.

Pamoja na dawa za kuua bakteria, tiba ya kwanza ni kisu. Daktari hukata nyama yote iliyokufa, na mara nyingi hurudia siku inayofuata. Hubaki kidonda kipana kinachovuja maji na protini. Kupandikiza ngozi ya mgonjwa mwenyewe wakati huo ni hasara, kwani juu ya usaha haitashika. Hapo ndipo inapohitajika ngozi ya muda.

Iliyo bora ni ya maiti. Huingiwa na mishipa ya damu kutoka kidondani, ikadumu takriban wiki mbili au tatu kabla ya mwili kuikataa. Ikishika, daktari hujua kwamba kidonda kiko tayari. Nchini Uholanzi huhifadhiwa katika gliserini ya asilimia 85 kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, baridi ya jokofu la kawaida. Kikwazo ni kupata watoaji na benki ya kuitunza. Ngozi ya nguruwe haingiwi na mishipa hivyo, na hubadilishwa baada ya siku chache. Tena wapo watakaoikataa kwa sababu za dini.

Amnioni, utando unaomzunguka mtoto tumboni, ulielezwa kwa kazi hii na daktari John Staige Davis wa Marekani mwaka wa 1910. Hupunguza maumivu na uvujaji, ingawa ni mwembamba na huchanika upesi. Kwa hospitali ya kaunti yenye wodi ya uzazi, huu ndio unaoelekea kufaa zaidi, mradi mama awe amepimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende.

Asali, fahari ya Ukambani, husaidia baadhi ya vidonda, lakini haizuii nyama kuendelea kuoza.

Kidonda kikishakuwa safi na chekundu, kifuniko huondolewa na ngozi nyembamba ya pajani mwa mgonjwa hupandikizwa.