Ekwiti: Fungu la Mezani na Stahiki ya Mashindano

Mpwa wangu hucheza poka kwenye simu kuliko ninavyopenda. Juzi alikuwa akiwatafsiria wenzake maelezo ya mgao mmoja wa karata, akanitumia sentensi niikague: "Hapo usawa wako ni asilimia 27." Nikamjibu kwamba vitu viwili ama viko sawa ama haviko; usawa wa asilimia 27 sijapata kuuona. Akaandika, "Mjomba, nimeangalia kamusi."

Sikumlaumu. Neno linalomhangaisha, ambalo nitaliita ekwiti mpaka tulipatie jina, lilianza kwa Warumi kama aequitas, yaani usawa na uadilifu. Uingereza likawa jina la kanuni ambazo mahakama ya Chansela ilizitumia kulainisha ukali wa sheria ya kawaida. Moja ya kanuni hizo ilimlinda aliyeweka ardhi yake rehani: hata siku ya kulipa ikipita, alibaki na haki ya kuikomboa. Haki hiyo ikahesabika kwa fedha, na polepole neno likaja kumaanisha kile kilicho chako katika nyumba ukishatoa deni, kisha mtaji wa wenye kampuni. Lilipofika kwenye meza ya karata lilikuwa limeshaagana na usawa zamani. Kulitafsiri kwa maana yake ya kwanza ni kumvika mjukuu kanzu ya babu.

Majina ya karata zenyewe hayatusumbui. Wareno walitolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, lakini kopa, shupaza, uru na pau zilibaki barazani, nasi tukazitamka tulivyotaka. Vile vidude vya duara vya kuwekea dau ndivyo vina matatizo: ukiviita chipsi, msomaji wa Dar es Salaam ataagiza na mayai. Nitaviita kete, kama za bao.

Tuione sasa ekwiti ikifanya kazi. Katika poka ya Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Mezani hufunuliwa tatu za wote, kisha ya nne, kisha ya tano, na katikati ya hatua hizo watu huweka dau, huongeza, au hutupa karata zao na kujitoa. Tuseme mimi nina ree ya kopa na kumi ya kopa. Mwenzangu ana wafalme wawili, wa shupaza na wa uru. Mezani kuna tisa ya kopa, nne ya kopa, saba ya pau na mbili ya shupaza. Imebaki karata moja.

Karata tunazozijua ni nane, kwa hiyo tusizozijua ni 44. Kopa yoyote inaniokoa kwa kunipa tano za alama moja, na kopa zilizobaki ni tisa. Ree tatu nyingine pia zinaniokoa, maana jozi ya ree huipiga jozi ya wafalme. Jumla 12. Kumi na mbili katika 44 ni sawa na tatu katika 11: asilimia 27 na ushei.

Mezani kulikuwa na kete 500, na mwenzangu amesukuma 300 zake za mwisho. Nikitaka kuiona karata ya tano sina budi kuweka 300, na jumla itakuwa 1,100. Tatu katika 11 ya 1,100 ni 300. Nalipa 300 kwa kitu cha thamani ya 300. Nikiingia sawa, nikijitoa sawa. Angesukuma 200 tu, jumla ingekuwa 900 na changu ndani yake kama 245, kwa bei ya 200: ningefuata bila kupepesa macho. Angesukuma 500, ningekuwa nanunua kitu cha 409 kwa 500.

Hizo 300 ndizo ekwiti yangu. Na tazama kioja chake: sitazipata kamwe. Karata ikifunuliwa nitazoa 1,100 au nitabaki natazama. Mia tatu haziko katika tokeo lolote kati ya mawili yanayowezekana, lakini ndizo pekee zinazoweza kuniambia kama nilifuata kwa akili au kwa kiherehere.

Kwa hiyo tunatafuta neno la kitu kilicho chako leo ndani ya mali ambayo haijagawanywa. Hapo Kiswahili si masikini hata kidogo. Mtu akifariki na kuacha nyumba, mjane mwenye watoto ana thumuni yake katika mirathi ya Kiislamu tangu siku ile, hata kama nyumba haijauzwa na dalali bado anavutana na wanunuzi. Tunasema ana fungu. Hajashika hata senti, na hajui nyumba itauzwa kwa bei gani, lakini fungu analo na hakuna atakayembishia. Ulinganisho huu una mguu mfupi, nakiri: thumuni haibadiliki, ilhali fungu la mezani hupanda na kushuka kila karata inapofunuliwa. Wafalme wa mwenzangu walikuwa na fungu la asilimia 73. Ikitoka ree ya pau, wamebaki na sifuri.

Hata neno lenyewe linaibeba maana hiyo. Si tunasema mtu kaambulia fungu la kukosa? Fungu ni lake, na mkono ni mtupu.

Wapo watakaosema hisa, kwa kuwa soko la mitaji limeshalitumia. Nalikataa kwa sababu ya kivitendo. Kwenye mashindano ya poka kuna desturi ya mtu kuuza sehemu ya ushiriki wake: wewe unamchangia kiingilio, yeye akishinda mnagawana. Hiyo ndiyo hisa, hununuliwa na huuzwa. Tukiliita fungu la mezani hisa, tutabaki hatuna jina la ile biashara.

Neno fungu linatusaidia pia kuelewa meza yenye watu wachache, hasa ile ya watu sita ambayo mtandaoni imezoeleka. Ree mbili zikipambana na karata zozote za mtu mmoja hushinda kama mara 85 katika 100. Zikipambana na za watu watano kwa pamoja, wote wakibaki hadi mwisho, hushinda kama mara 49. Mchezaji mgeni husikia hivyo akahuzunika. Lakini kila mmoja akiweka kete 100, dhidi ya mtu mmoja fungu lako ni kama 170, na dhidi ya watano ni kama 294. Unashinda mara chache zaidi na unamiliki kikubwa zaidi. Anayehesabu ushindi hataliona hilo; anayehesabu fungu ataliona papo hapo. Na kwa kuwa madau ya lazima huzunguka meza, kwenye meza ya tisa unayalipa mara moja kila migao tisa, kwenye meza ya sita kila migao sita, na mkibaki watatu kila migao mitatu. Kusubiri karata nzuri kunagharimu, kwa hiyo watu hupigania mafungu membamba ambayo kwenye meza iliyojaa wangeyatupa.

Hesabu yenyewe ni ya kale kuliko poka. Mwaka 1494 Luca Pacioli wa Italia aliandika kuhusu wachezaji wanaolazimika kuacha mchezo njiani, akataka wagawane dau kwa uwiano wa pointi walizokwisha kupata. Linaonekana jambo la haki. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua za kulipindua. Pascal alitoa mfano: mchezo ni wa kufikia pointi tatu, kila mtu ameweka sarafu 32 za pistoli, mmoja ana mbili na mwingine moja. Kwa Pacioli wa mbele angechukua theluthi mbili. Pascal akasema hapana: akishinda raundi ijayo anachukua zote 64, akishindwa wanakuwa sawa na kila mmoja ana haki ya 32. Kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote, na zile 32 nyingine wagawane nusu kwa nusu. Apewe 48. Kilichopita kimepita, kinachogawanywa ni kile ambacho bado kingeweza kutokea.

Miaka mitatu baadaye Christiaan Huygens akatoa kitabu kidogo kuhusu hesabu hizi, naye akakutana na tatizo la mpwa wangu. Aliandika kwa Kiholanzi, akitumia neno kans, yaani nafasi au bahati. Mwalimu wake Frans van Schooten alipokigeuza Kilatini akaweka expectatio, tarajio. Wanahisabati wa leo bado wanasema thamani tarajiwa kwa sababu ya mfasiri huyo. Mimi naona tarajio linapotosha kidogo, kwa kuwa hakuna anayetarajia kete 300 katika mgao wangu wa juu.

Hadi hapa fungu limetosha. Linaanza kupwaya tunapoingia kwenye mashindano, na hapa ndipo nadhani Kiswahili kinapaswa kuwa na maneno mawili pale Kiingereza kinapobanana na moja.

Kwenye mchezo wa fedha taslimu kete ni fedha: ukiondoka nazo, unalipwa. Kwenye mashindano kete si fedha. Huwezi kuzibadilisha, na hata ukizikusanya zote hupati mfuko mzima wa zawadi. Unapata zawadi ya kwanza tu. Tuseme wamebaki watatu na zawadi ni dola 50, 30 na 20. Asha ana kete 5,000, Baraka 3,000, Chiku 2,000. Asha ana nusu ya kete. Je, ana nusu ya fedha? Ukigawa dola 100 kwa uwiano wa kete, Asha anapata 50, sawasawa na zawadi ya kwanza, kana kwamba ameshashinda. Pacioli kafufuka.

Njia inayotumika sana ni kielelezo kilichoelezwa na Mason Malmuth mwaka 1987, chenye hesabu ileile ambayo David Harville aliichapisha mwaka 1973 akizungumzia mbio za farasi. Nafasi ya mtu kuwa wa kwanza ni sehemu yake ya kete zote. Ukishamtoa wa kwanza, nafasi ya kuwa wa pili ni sehemu ya kete zilizobaki, na kuendelea. Kwa wetu watatu, Asha anapata dola 38.39, Baraka 32.75, na Chiku 28.86. Mwenye moja ya tano ya kete ana zaidi ya robo ya fedha, kwa kuwa hata akiwa wa mwisho 20 ni zake.

Kiasi hiki si fungu la mezani. Kinafanana zaidi na kile mfanyakazi anachodai anapoacha kazi leo, na watu wa vyama vya wafanyakazi wana neno lake: stahiki. Kwenye mashindano hutumika hivyohivyo, wachezaji wa mwisho wanapoamua kukomesha mchezo na kugawana. Mwenye kete nyingi hupenda pendekezo jingine, kwamba kila mmoja apewe 20 kwanza, kisha 40 zilizobaki zifuate kete: 40, 32 na 28. Utamsikia akisema ni rahisi kuhesabu.

Maneno haya mawili yanapogongana ndipo faida yake inapoonekana. Asha anasukuma kete zote, Chiku anajitoa, na Baraka ana malkia wawili. Kwa bahati ya ajabu anajua Asha ana ree na mfalme wa alama tofauti. Malkia hushinda hapo kama mara 57 katika 100. Tuache madau ya lazima pembeni ili hesabu isitanuke. Kwa kete, kufuata ni faida wazi. Kwa dola: akishindwa, ametoka na 20. Akishinda atakuwa na kete 6,000 na wenzake 2,000 kila mmoja, na stahiki yake itakuwa 41. Sasa hivi, bila kufanya lolote, ana 32.75. Kushinda kunamwongezea 8.25, kushindwa kunamtoa 12.75. Ili biashara hiyo isimle anahitaji kushinda karibu mara 61 katika 100. Malkia wake hawafiki. Anawatupa.

Nilimrudishia mpwa wangu sentensi yake: "Hapo fungu lako ni asilimia 27." Nikamwandikia na ya Baraka: "Fungu lake ni asilimia 57, ila akifuata atapunguza stahiki yake." Akasema ya pili ameielewa kwa Kiswahili kabla hajaielewa kwa Kiingereza, sifa ambayo siiamini sana maana alikuwa anataka nimrushie salio. Kisha akauliza ile ekwiti ya tatu, ambayo mchezaji huipata kwa kusukuma dau kubwa ili wengine waogope na kujitoa kabla karata hazijafunuliwa. Nikajaribu fungu la woga. Akasema hapana, woga ni wa yule anayejitoa, na fungu ni la anayesukuma. Tukakubaliana kwa muda juu ya fungu la kutishia, na hatujafika mbali zaidi ya hapo.