Theluji, treni na taharuki: riwaya za upelelezi za majira ya baridi

Kwa karne nzima sasa, majira ya baridi katika nchi za kaskazini mwa Ulaya yamekuwa pia msimu wa riwaya za upelelezi. Desturi hiyo haikuzuka hivi hivi. Nyuma yake kuna tangazo lililowashtua watu wa Norway, treni zilizokwama njiani, uhaba wa bidhaa wakati wa vita, na taifa moja dogo lililokuwa likiihofia hatima ya lugha yake.

Uporaji ambao haukutokea

Jumamosi ya tarehe 24 Machi mwaka 1923, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, wasomaji wa gazeti la Aftenposten walikuta maneno mazito juu kabisa ya ukurasa wa mbele. Gazeti hilo huchapishwa katika mji mkuu wa Norway, ambao wakati huo ukiitwa Kristiania na ambao tangu mwaka 1925 unaitwa Oslo. Maneno hayo yalitangaza kwamba treni ya Bergen ilikuwa imeporwa usiku. Hizo zilikuwa siku za kuelekea Pasaka, ambapo watu wengi husafiri kwenda milimani, na inasimuliwa kwamba waliokuwa na jamaa zao safarini walianza kupiga simu kwa wasiwasi kuulizia hali zao.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na treni yoyote iliyoporwa. Maneno yale yalikuwa jina la riwaya mpya, na ukurasa ule ulikuwa umenunuliwa na shirika la uchapishaji la Gyldendal, lililokuwa likiongozwa na Harald Grieg. Waandishi wa riwaya hiyo walikuwa vijana wawili wanafunzi, Nils Lie na Nordahl Grieg, mdogo wake huyo huyo Harald. Juu ya jalada hawakuweka majina yao ya kweli, bali walijiita Jonathan Jerv.

Hila hiyo ilifaulu kwa sababu iligusa hofu iliyokuwapo tayari. Reli ya kutoka mji mkuu hadi Bergen, yenye urefu wa takriban kilomita 500, ilifunguliwa mwaka 1909. Inavuka uwanda wa juu ambao theluji hukaa kwa muda mrefu wa mwaka, na kituo chake cha Finse kiko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari. Kila aliyepanda treni hiyo alifahamu kwamba huko juu hapana msaada wa karibu, na kwamba dhoruba moja ya theluji ingetosha kuwatenga abiria na dunia nzima. Kwa hiyo habari ya wanyang'anyi milimani haikuwa jambo gumu kusadikika.

Kitabu kilinunuliwa kwa wingi, na wachapishaji wakapata somo. Mapumziko ya Pasaka nchini Norway ni marefu, na familia nyingi huyatumia katika nyumba ndogo za mbao milimani, ambako theluji bado haijayeyuka. Mchana watu huteleza kwa ski; jioni hukaa karibu na moto. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, riwaya ya taharuki ni mwenzi anayefaa sana. Hivyo ndivyo ilivyoanza desturi ambayo Wanorway huiita påskekrim, yaani visa vya jinai vya Pasaka. Hadi leo, kila mwaka inapokaribia sikukuu hiyo, maduka hupanga riwaya za upelelezi mbele, redio na televisheni hutangaza michezo ya aina hiyo, na hata paketi za maziwa huchapishwa vifumbo vya jinai ili familia zivifumbue mezani.

Nordahl Grieg mwenyewe hakurudi kuwa mtunzi wa mizaha. Alikuja kuwa mmoja wa washairi mashuhuri wa nchi yake, na alifariki dunia mwezi Desemba mwaka 1943, wakati ndege ya kivita aliyokuwamo kama mwandishi wa habari ilipoangushwa mjini Berlin.

Abiria waliofungiwa

Wakati Wanorway wakijenga desturi yao, mwandishi mmoja wa Kiingereza alikuwa akiuvumbua uwezo mwingine wa theluji. Agatha Christie alisafiri kwa mara ya kwanza kwa treni mashuhuri ya Orient Express mwaka 1928, mwaka ule ule aliotalikiana na mume wake wa kwanza. Alielekea Baghdad, peke yake, na safari hiyo ikayabadili maisha yake. Mwaka 1930 alikutana huko Iraq na mtaalamu wa mambo ya kale, Max Mallowan, na kabla mwaka haujaisha wakaoana.

Mapema mwaka 1929, Ulaya ilipokumbwa na mojawapo ya baridi kali kabisa za karne ile, treni moja ya Orient Express ilikwama kwenye marundo ya theluji karibu na Çerkezköy, magharibi ya Istanbul. Abiria walikaa siku kadhaa bila ya kuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Christie hakuwamo. Lakini Desemba mwaka 1931 na yeye yakamfika: alikuwa akirejea Uingereza bila ya mumewe, na mvua kubwa ikaiharibu njia ya reli mbele ya treni yake. Katika barua aliyomwandikia mumewe aliwaeleza mmoja mmoja wasafiri aliokwama nao, tabia zao na malalamiko yao.

Tarehe 1 Januari mwaka 1934, katikati ya majira ya baridi, ilitoka mjini London riwaya yake ya Murder on the Orient Express. Mafuriko aliyoyaona yeye yaligeuzwa kuwa theluji, na treni ikasimamishwa nchini Yugoslavia, usiku, na maiti ndani ya behewa. Ukurasa wa kutabaruku unataja Arpachiyah, mahali pa machimbo ya kale huko Iraq alikokuwa akifanya kazi mumewe. Theluji hiyo mashuhuri, basi, ina uhusiano na nchi ya jua kali.

Jambo la kuzingatiwa ni kazi inayofanywa na theluji katika kisa hicho. Kwanza inafunga njia, hivyo polisi hawawezi kufika, na mpelelezi Hercule Poirot hana chombo chochote isipokuwa akili yake. Pili inafunga mlango wa kutorokea: aliyeua hawezi kuwa amekwenda mbali, naye bado yumo miongoni mwa wale wanaokula na kuzungumza pamoja. Tatu inafunga habari: hakuna njia ya kuuliza kama kila abiria ni yule anayedai kuwa ndiye. Msomaji naye, ambaye huenda nje ya dirisha lake pia kunaanguka theluji, amefungiwa pamoja nao mpaka ukurasa wa mwisho.

Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba riwaya hiyo ni mchezo mtupu. Mwaka 1932 mtoto mchanga wa rubani mashuhuri wa Marekani, Charles Lindbergh, alitekwa nyara na kuuawa, na habari hizo zilizusha simanzi duniani kote. Christie aliuchukua msiba unaofanana na huo na kuuweka katika kiini cha kisa chake. Suali analomwachia msomaji si tu la nani aliyeua, bali ni nini wafanye watu pale ambapo mahakama imeshindwa kutoa haki.

Baridi ya mwaka 1947

Miaka 13 baadaye Waingereza waliijua maana ya kufungiwa na theluji bila ya kuhitaji kitabu. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Machi mwaka 1947, theluji iliifunika nchi. Makaa ya mawe yalikwama yasiweze kusafirishwa, umeme ukakatwa majumbani na viwandani, matangazo ya televisheni yakasimamishwa kwa muda, na magazeti ya kila wiki yakaamriwa yasitoke kwa wiki mbili ili kuokoa nishati. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini chakula bado kilikuwa kikigawiwa kwa vipimo.

Mwezi Mei mwaka huo huo redio ya BBC ilitangaza mchezo mfupi wa Christie, ulioandikwa kwa ajili ya kuadhimisha miaka 80 ya kuzaliwa kwa Malkia Mary. Mchezo huo uliitwa Three Blind Mice na ulihusu wageni waliozingirwa na theluji katika nyumba moja ya kulala wageni, huku muuaji akiwa miongoni mwao. Wasikilizaji hawakuhitaji kuelezwa njia iliyofungwa na theluji ikoje. Walikuwa ndiyo kwanza wametoka huko.

Mchezo huo nao una chanzo cha kweli na cha kuhuzunisha. Mwezi Januari mwaka 1945 mtoto wa kiume wa miaka 12, aliyekuwa amekabidhiwa kwa walezi katika shamba moja huko Shropshire, alifariki dunia kutokana na mateso. Kifo chake kilisababisha uchunguzi wa serikali, na kilichangia kupatikana kwa sheria ya watoto ya mwaka 1948. Christie alikijenga kisa chake juu ya deni ambalo watu wazima waliliacha bila ya kulipwa kwa watoto wa namna hiyo.

Baadaye mchezo huo ulirefushwa na kupewa jina la The Mousetrap, yaani mtego wa panya. Ulianza kuonyeshwa mjini London tarehe 25 Novemba mwaka 1952 na haukusimama hadi Machi mwaka 2020, ulipozuiwa na janga la corona. Mwaka uliofuata ulirudi jukwaani. Kila baada ya onyesho, watazamaji huombwa wasimtaje muuaji huko nje.

Mafuriko ya vitabu

Katika kisiwa cha Iceland jua la Desemba huonekana kwa muda wa saa nne tu hivi mjini Reykjavik. Kwa karne nyingi familia za mashambani zilikuwa na mkesha wa jioni ulioitwa kvöldvaka: huku mikono ikisokota na kufuma sufi, mmoja wao alisoma kwa sauti visa vya kale vya mashujaa na visasi. Wasomaji wa Kiswahili waliokulia kwenye hadithi za jioni, zenye kuanza kwa paukwa na kujibiwa pakawa, hawatashindwa kuitambua hali hiyo.

Iceland ilipokuwa jamhuri, tarehe 17 Juni mwaka 1944, ilikuwa na watu wasiofika 130,000. Taifa dogo kiasi hicho lilikuwa na sababu ya kuihofia lugha yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia, bidhaa nyingi kutoka nje zilikuwa adimu, lakini karatasi haikuzuiliwa sana. Hivyo kitabu kikawa ndiyo zawadi iliyowezekana. Tangu mwaka 1944 orodha ya vitabu vipya hutolewa kila mwaka kabla ya Krismasi, na wingi wa vitabu vinavyotoka katika wiki hizo huitwa Jólabókaflóð, maana yake mafuriko ya vitabu ya Krismasi. Watu wengi hupeana vitabu usiku wa tarehe 24 Desemba, kisha hukaa wakasoma.

Katika mafuriko hayo, riwaya za jinai zimejipatia nafasi kubwa. Arnaldur Indriðason, ambaye vitabu vyake hutarajiwa kila mwezi wa Novemba, alitoa mwaka 2001 riwaya ya Grafarþögn, inayohusu mateso ya mwanamke ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza ilishinda tuzo ya Gold Dagger mwaka 2005. Ragnar Jónasson, aliyewahi kumtafsiri Agatha Christie kwa Ki-Iceland, aliweka kisa chake cha Snjóblinda cha mwaka 2010 katika mji wa Siglufjörður, ambao theluji inaweza kuutenga. Mwaka 2022 mwandishi huyo alitoa riwaya aliyoitunga pamoja na Katrín Jakobsdóttir, wakati huo akiwa waziri mkuu wa nchi hiyo.

Bwana Msa asiyehitaji theluji

Je, taharuki inahitaji theluji? Fasihi ya Kiswahili inajibu kwamba haihitaji. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958 kwa kisa chake cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Humo maiti ya mwenye shamba inakutwa kwenye mzimu, na watu wanashuku nguvu zisizoonekana. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake na swahiba yake Najum, hakubali maelezo hayo. Anauliza, anapima, anasikiliza.

Kinachofanywa na theluji katika riwaya za kaskazini, kwa Abdulla hufanywa na hofu: hofu ya mzimu ndiyo inayofunga njia ya ukweli. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla naye alitoa Simu ya Kifo, na baada yao wakafuata wengi walioipeleka riwaya ya upelelezi katika miji ya Tanzania na Kenya.

Siri ya msimu huu, basi, si theluji peke yake. Ni ile hali ya mtu aliye salama kulitazama jambo la kutisha kwa utulivu, akiwa hana pa kukimbilia na hana haraka. Abiria wa Çerkezköy mwaka 1929 hawakuona burudani yoyote katika baridi ile. Wala mtoto wa Shropshire hakupata msomaji wa kumwokoa. Lakini waliokuja baadaye, wakiwa wamekaa karibu na moto, wamelazimishwa na kurasa hizo kuuliza nani aliyefanya, nani aliyejua, na nani aliyenyamaza. Kwa Waswahili wengi wanaopitisha Januari yao mjini Oslo, London, Toronto au Minneapolis, usiku huo mrefu hauna budi kupita. Na kitabu kizuri, cha Poirot au cha Bwana Msa, ni njia mojawapo ya kuupitisha bila ya kuupoteza.