Viza imeisha, bwana ni raia wa Marekani: bibi asikimbilie kurudi

Familia nyingi za Bukavu, Uvira na Goma ziko na mtoto Marekani. Wengi walifika kule kama wakimbizi, kisha wakapata uraia. Inatokea bibi anaenda kwa viza ya matembezi, wanaoana kule kule, siku zinapita. Wazee huku wanasema: arudi kwanza, ataomba viza nyingine Kinshasa. Shauri hilo linaweza kuwatenga miaka 10.

Siku zinahesabiwa namna gani?
Tarehe ya viza si mwisho wa kukaa. Mwisho uko kwenye karatasi ya kuingia inchini, inaitwa I-94. Mwenye kuzidisha zaidi ya siku 180 kisha akatoka, anafungiwa mlango miaka 3. Akizidisha mwaka 1 ama zaidi, miaka 10. Adhabu inaanza pale anapotoka.

Nani anaweza kujipanga bila kutoka?
Bibi ama bwana wa raia, ikiwa aliingia kwa viza na afisa wa mpaka akamuruhusu. Kwake, kuzidisha siku peke yake hakuzuii dosye. Lakini mwenzake akiwa na kadi ya kijani tu, hajawa raia, kwa kawaida siku zilizozidi zinazuia. Aliyeingia kwa kujificha pia, kwa kawaida njia hii si yake.

Dosye iko na nini?
Raia anajaza I-130, kuonyesha ndoa ni ya kweli. Mwenzake anajaza I-485, kuomba makao. Zinaweza kutumwa pamoja. Kuna tena I-864, ahadi ya raia ya kumtunza mwenzake, na cheti cha daktari. Familia huku isaidie kutafuta akti ya kuzaliwa na, kama kulikuwa ndoa ya kwanza, hukumu ya talaka. Zote zitafsiriwe kwa Kiingereza.

Kisha wanaitwa kuulizwa maswali. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ya kukubaliwa, kadi ya kwanza ni ya miaka 2. Katika siku 90 za mwisho wanajaza I-751.

Kujihadhari
Dosye ikingoja, asisafiri inje bila ruhusa ya maandishi. Kuituma si kinga kamili ya kutofukuzwa. Na ndoa ya uongo inafunga mlango kabisa. Kwa hiyo, kabla ya tiketi ya ndege, waone kwanza avoka wa mambo ya uhamiaji.