Jinsi ya kuweka kivuli na mwanga kwenye sanamu ndogo

Sanamu ya mbao au udongo yenye urefu wa kidole ni ndogo mno kwa mwanga wa kawaida kuonyesha vizuri mikunjo ya nguo na sura ya uso. Ukiipaka rangi moja tu, mteja aliyesimama hatua mbili kutoka mezani kwako haoni macho wala vidole, naye anapita. Ndiyo maana kivuli na mwanga huwekwa kwa brashi.

Unahitaji nini?

Rangi ya akriliki au nyingine inayochanganywa na maji, brashi moja nyembamba na moja kuukuu, msasa laini, kitambaa na maji safi.

Fuata hatua hizi

1. Piga msasa, futa vumbi, paka andakoti na uache ikauke.
2. Paka rangi ya msingi. Makoti mawili mepesi ni bora kuliko moja zito, ambalo huziba michongo.
3. Kivuli: chukua rangi iliyokoza kuliko ya msingi, uiongeze maji mpaka iwe kama chai ya rangi. Ukiipaka, itateremka yenyewe kwenye mikunjo. Inayotuama pasipofaa inyonye kwa brashi kavu.
4. Mwanga: kivuli kikikauka, chovya brashi kuukuu kwenye rangi angavu kuliko ya msingi. Ifute kwenye kitambaa hadi ibaki rangi kidogo sana, kisha ipitishe juu juu. Itashika sehemu zilizoinuka tu.
5. Malizia kwa brashi nyembamba kwenye pua, paji la uso na mabega. Chini ya kidevu na kwapani paache pawe na giza, kwa sababu mwanga hutoka juu.

Ngozi nyeusi ipakwe vipi?

Kahawia ikichanganywa na nyeupe, ngozi huonekana ya kijivu, kama iliyopauka kwa kukosa mafuta. Kwa mwanga, changanya kahawia na njano au chungwa kidogo. Kwa kivuli, tumia kahawia iliyokoza yenye tone la bluu badala ya nyeusi tupu.

Je, ni salama?

Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huathirika zaidi. Kwa sanamu za kuchezea, nunua rangi ambayo kopo lake limeandikwa kuwa haina risasi. Usichongoe ncha ya brashi kwa mdomo, na usipige msasa rangi ya zamani ndani ya nyumba.